Barua Mbili kwa Mwandiko Wangu

Machi 4

Mvua ya kwanza imetukuta tunapandisha faili. Makao makuu ya muungano ni ghorofa moja juu ya barabara kuu, lililokuwa duka la viatu. Rafu bado zina namba za saizi. Faili za chama cha Bondeni nimeziweka rafu ya saizi arobaini na mbili, za Milimani arobaini na tatu.

Mhandisi, kiongozi wa Milimani, alisimama mbele ya rafu akiwa na koti linalochuruzika. "Kwa nini wenzetu wametangulia?"

"Nimefuata alfabeti, mheshimiwa."

"Na nyinyi wa Mtoni?"

"Sisi tuko saizi ya watoto," dada yangu akajibu badala yangu, na hata Mhandisi, ambaye hucheka kwa nadra kama mtu anayetozwa, alicheka.

Naanza daftari hili kwa sababu kazi yangu ni kuandika yale wanayotaka yaandikwe. Nilikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na miwili. Sasa ni mwandishi wa mihtasari ya muungano. Yale wasiyotaka yaandikwe nayo yanahitaji pa kulala.

Vyama ni vitatu. Bondeni wanaongozwa na Wakili, Milimani na Mhandisi, na sisi wa Mtoni, wachache kama chumvi kwenye mboga, tunaongozwa na dada yangu, aliyekuwa mkunga miaka thelathini na bado anaitwa Mkunga na kila mtu. Yeye ndiye aliyewakalisha wale wawili pamoja mwaka jana. Uchaguzi ni Agosti, na bila kuungana hatuwezi kuiondoa serikali iliyopo. Jina la mgombea mmoja wa urais lazima lipelekwe tume kabla ya Mei 31. Wanaolitaka ni wawili.

Machi 5

Mvua. Ndoo tatu chini ya dari.

Machi 11

Kikao cha kwanza hakikufika ajenda ya kwanza. Saa nzima na dakika arobaini tulibishana nani akae kichwani mwa meza. Wakili alisema yeye ni mkubwa kwa umri. Mhandisi alisema yeye ni mkubwa kwa kura. Dada akasema yeye ni mkubwa kwa kiuno, apewe kiti kipana, wengine wakae wanapotaka. Hawakukaa. Nimeandika: *Kikao kiliahirishwa kwa sababu za kiutaratibu.*

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mume wangu. Yeye ni seremala, na ni mtu wa Milimani, kijiji kimoja na Mhandisi. Alikuwa anapiga msasa mlango wa kabati. Akapuliza vumbi, akasema, "Waambie nitawatengenezea meza ya duara. Meza ya duara haina kichwa."

Machi 19

Meza imefika kwa vipande viwili kwa sababu ngazi ni nyembamba. Mume wangu ameiunganisha papo hapo, ameipaka mafuta, haina hata msumari unaoonekana. Kila mtu aliisifu. Kisha wakaanza kugombania kiti kinachotazama mlango.

Machi 20

Mama Chai, anayetuchemshia chai na kufagia ofisi, amemleta binti yake amsaidie kubeba birika. Ana mimba ya kwanza, anatembea kama mtu aliyebeba mtungi wa mwenzake. Wao ni watu wa Bondeni. Dada alimlaza kwenye benchi la kujaribia viatu, akampapasa tumbo. "Mwisho wa Mei," akasema. "Na kichwa kimekaa vizuri. Laiti wakubwa zetu nao wangekaa hivi."

Machi 27

Leo mvua ilinishika mlangoni. Wakili alisimamisha gari, akashuka mwenyewe, akanipa mwavuli wake. "Dada yangu, kalamu ikilowa historia inalowa." Maneno ya mtu huyu yana sukari. Anaulizia watoto wetu wawili walioko mbali kikazi, na anakumbuka nani anafanya kazi gani.

Mhandisi, kwa upande wake, alinitaka nimsomee muhtasari wote kwa sauti, mstari kwa mstari, kama mwanafunzi aliyeshukiwa kuibia mtihani. Aliponikuta nimeandika "alisisitiza", akasema, "Sikusisitiza. Nilisema." Nikafuta.

Nilimwambia mume wangu, "Mtu wenu ana roho ya chuma."

"Chuma hakibadiliki mvua ikinyesha," akanijibu.

"Kinashika kutu."

Tulicheka. Nayaandika haya kwa sababu siku hizi tukizungumza habari hizi hatucheki sana.

Aprili 3

Bomba la mtaani limekuwa na foleni mbili. Hakuna aliyeamuru. Wiki iliyopita foleni ilikuwa moja na lugha ilikuwa moja, hii ya kila mtu. Leo upande wa ukuta wanaongea Kibondeni, upande wa mtaro wanaongea Kimilimani. Nilisimama katikati na ndoo yangu, nikajifanya natafuta kandambili.

Aprili 9

Dada ameitwa zahanati asubuhi. Nesi wa zamu ni msichana wa Milimani. Mama aliyekuwa na uchungu, mtu wa Bondeni, alibana miguu akakataa kuguswa naye. Alimwambia, "Nitasubiri mtu wangu." Alikuwa ameshaanza kutokwa damu.

"Ukamwambiaje?" nikamuuliza dada.

"Nilimwambia mimi ni mtu wake. Nikamwambia mama yangu alizaliwa Bondeni."

"Mama yetu hakuzaliwa Bondeni."

"Mtoto amezaliwa lakini." Alikuwa anasugua mikono kwa sabuni, anasugua tena. "Mdogo wangu, nimezalisha wakati wa njaa, nimezalisha wakati wa kipindupindu. Sijawahi kumwona mwanamke anachagua mkono wakati damu inatoka. Hawa wawili wakigawanyika, watu hawa watauana. Si neno la jukwaani hili. Nimeliona leo kwenye macho ya mtu."

Sikuwahi kumwona dada yangu anaogopa. Hata baba alipofariki yeye ndiye aliyetafuta majembe.

Aprili 10

Mvua tangu alfajiri. Ndoo saba.

Aprili 16

Utaratibu umekubaliwa: wajumbe thelathini na saba watapiga kura ya siri Mei 30. Bondeni kumi na sita, Milimani kumi na sita, Mtoni watano. Hata asiyejua kuhesabu anajua hesabu hiyo inamwendea nani.

Asubuhi Wakili alikwenda kwa dada na kikapu cha matunda. Jioni Mhandisi alikwenda mikono mitupu. Wote walitaka watano. Kila ninayekutana naye ananitajia mafahali wawili na zizi. Hakuna anayeuliza zizi lenyewe linaonaje.

Aprili 22

Dada aliniita kwake baada ya kazi. Akafunga dirisha ingawa kulikuwa na joto, akaniwekea karatasi nyeupe na kalamu.

"Mwandiko wangu unajua mwenyewe, kuku akiuona anadhani ni wa mtoto wake. Niandikie barua."

"Nitaipiga kesho kwenye kompyuta."

"Kompyuta ina masikio. Andika."

Barua ilikuwa ya Wakili. Mistari sita. Kwamba wajumbe watano wa Mtoni watamchagua yeye, naye hatawaambia watu nje ya kamati yake, wala hataondoka kwenye muungano kabla ya kura, liwalo na liwe. Dada akatia saini.

Nilifurahi, sitaki kujidanganya humu. Nilitaka Wakili ashinde. Nilipofika nyumbani mume wangu aliniuliza, kama anavyouliza kila jioni, "Mmefikia wapi?" Nikasema, "Hatujafika popote." Huo ndio uwongo wa kwanza nilioutia ndani ya nyumba ile kwa miaka ishirini na sita, kama sihesabu bei za nguo.

Mei 2

Karatasi nyeupe tena, dirisha limefungwa tena. Safari hii barua ilikuwa ya Mhandisi. Mistari ileile sita.

Niliweka kalamu chini. "Dada, hii ni nini?"

"Ni kamba ya pili. Kamba moja haifungi vitu viwili."

"Wakigundua?"

"Wagundue vipi? Hawaongei. Mwezi mzima wanaongea kupitia kwako: 'mwambie mwenzangu', 'andika kwamba mwenzangu'." Akavuta kiti karibu. "Nisikilize. Mama akichoka kusukuma namwambia bado kidogo, naona nywele. Mara nyingi sioni nywele yoyote. Anasukuma kwa sababu ya uwongo wangu, na mtoto anatoka mzima. Nataka wafike Mei 30 wakiwa chumba kimoja. Kila mmoja akiamini ameshinda, hakuna atakayetoka. Nikishawafungia mlango nitawaambia watano wangu wapige kura kwa dhamiri zao. Atakayeshindwa atakuwa amekaa nasi miezi mitatu, hatakuwa na pa kwenda."

"Mume wangu ni mtu wa Milimani."

"Shemeji ni mtu wetu. Andika, mdogo wangu."

Nikaandika. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonisumbua sasa.

Mei 3

Mvua. Sikwenda kazini.

Mei 7

Kwa mara ya kwanza tangu Machi kikao kimekwisha bila mtu kubamiza mlango. Wote wawili walikuwa wapole, wanapishana kama watu msibani. Mama Chai akasema, "Mungu ametuona." Nikachungulia kikombe changu.

Mei 9

Mhandisi ameleta fundi, kwa gharama yake, kuziba dari. Hakusema lolote. Nilijua kwa sababu fundi alitaja jina lake kwa bahati mbaya.

Mei 10

Kumekauka ndani. Nje bado.

Mei 14

Mto umefunika daraja la barabara ya kaskazini. Redio inasema misafara ya viongozi wetu wote wawili, kila mmoja akitoka mkutanoni kwake, imekwama upande mmoja wa maji.

Mei 15

Nitajaribu kuyaandika kwa mfuatano.

Saa nne asubuhi walifika kwenye gari moja. Tuliwaona kutoka dirishani wakishuka, Wakili ameshika mwavuli, Mhandisi yuko chini yake, mabega yanagusana. Barabarani watu walipiga makofi. Mama Chai alilia machozi. Dada hakupiga makofi. Alikaa, akavuta meza kidogo kana kwamba anaiweka sawa.

Kwa walivyosimulia, jana walikaa muda wa saa tatu kwenye kibanda cha muuza mahindi wakisubiri maji yapungue. Mwanzo kila mmoja alitazama upande wake. Kisha wakaanza kuongea: mvua, magoti, watoto wasiopiga simu. Mwishowe Wakili akasema kwa upole, "Ndugu yangu, usiumie siku ya kura. Mtoni wako kwangu." Mhandisi akatoa barua yake mfukoni.

Wakaziweka mezani, moja kando ya nyingine.

"Mama Mkunga," Wakili akasema akitabasamu, "tusaidie. Tumeletewa mapacha, hatujui yupi kulwa yupi doto."

"Wote nimewazaa mimi," dada akasema. "Mkiniuliza kama ni uwongo, ni uwongo. Niliogopa mtaondoka."

"Ukaona dawa ni kutufanya watoto?" Mhandisi aliuliza. Sauti yake haikupanda. "Nimewaambia wazee wangu washushe mikuki ya maneno kwa sababu ya karatasi hii. Niliwaapia. Sasa nikawaambie nini?"

"Waambie nimekosa. Mtangazie kila mtu." Dada akasimama. "Lakini tazameni. Mmekuja gari moja. Mmekaa kibanda kimoja. Kitu nilichokitafuta tangu mwaka jana mmekipata jana bila mimi. Basi nitoeni mimi. Leo hii najiuzulu, naondoka, nyinyi mbaki. Adui yenu wa pamoja nakubali kuwa mimi."

Nilimwona Mhandisi anamtazama Wakili, na naapa uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu aliye tayari kuulizwa. Sekunde kumi labda. Nilizihisi zote.

Kisha Wakili akauliza, "Ukiondoka, wale watano watampa nani?"

Uso wa Mhandisi ukajifunga. Hapo ndipo muungano ulipokufa, si mahali pengine, hata watu waseme nini. Baada ya hapo yalikuwa makelele tu.

Kabla ya kutoka, Mhandisi alichukua barua yake, akaitazama, kisha akatazama daftari la mihtasari lililokuwa wazi mbele yangu. Macho yakaenda na kurudi mara mbili. Nilingoja. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akanisalimia kwa kichwa, akatoka.

Wakili alibaki ngazini akiongea na waandishi wa habari.

Mei 16

Gazeti limechapisha barua ya Wakili, picha kubwa, ukurasa wa kwanza.

Mume wangu alikuwa karakanani. Gazeti lilikuwa juu ya benchi, randa imewekwa juu yake isipeperuke. Miaka yote hii mimi ndiye ninayemwandikia orodha za mbao.

"Herufi *g* yako ina mkia kama wa paka," akasema.

Sikukana.

"Zilikuwa mbili. Na zote wewe?"

"Zote mimi."

"Kila jioni nilikuuliza, mama watoto. Sikukuuliza kwa ajili ya Mhandisi. Wateja wa Bondeni wameacha kuja tangu Machi, na ndugu zangu wanapiga simu kila siku: funga, panda huku juu, huko chini hakukaliki. Nilikuwa nawajibu, mke wangu yuko ndani mle, kungekuwa na hatari angeniambia." Akafuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Dada yako hupenda kusema mficha uchi hazai. Mbona yeye alificha? Na wewe ukamshikia nguo."

Nilitaka anipigie kelele. Hakunipigia.

Mei 17

Ameondoka na basi la asubuhi. Amechukua misumeno miwili, randa, na kisanduku cha patasi. Amesema ni kwa muda. Nilimfungia chakula cha njiani, akakipokea, akasema ahsante. Ahsante ile ilikuwa nzito kuliko matusi.

Mei 18

Dada amezungumza redioni. Amesema barua zilikuwa zake, wazo lake, dhambi yake, na aliyeziandika alikuwa ameamriwa. Jina langu hakulitaja. Ameomba watu wa Mtoni wasiguswe kwa kosa la mwanamke mmoja.

Mtangazaji akamuuliza, "Ungerudi nyuma, usingefanya?"

"Ningewaamini zaidi," akasema. "Au ningedanganya vizuri zaidi. Sijui."

Nilitamani asimalizie sentensi ile.

Mei 19

Mawe kwenye bati la dada. Mawili.

Mei 21

Mtaani sasa tuna jina: Nyusombili. Watu wa Bondeni na watu wa Milimani hawakubaliani kwa lolote isipokuwa hilo.

Mei 24

Dada ameweka mkoba wake wa ukunga karibu na mlango. Hakuna aliyebisha hodi siku sita. Anatoa vitu, anavifuta, anavirudisha. Nimehamia kwake. Tunaongea habari za mvua.

Mei 27

Leo, saa nane mchana, Mama Chai alikuja mbio bila kanga ya kichwani. Binti yake amejifungua, mtoto wa kike, lakini damu haikomi. Barabara ya hospitali imekatwa na maji. Dada alikuwa ameshavaa viatu kabla sentensi haijaisha.

Kutoka mlango wetu hadi kwa wakwe wa binti ni hatua mia nne. Tulikimbia kwenye tope, dada na uzito wake, mkoba kifuani. Mlangoni walikuwa wanaume watatu. Mmoja ni mume wa yule binti, kijana mtaratibu anayefundisha hesabu.

"Huingii," akasema.

"Mwanangu, nipishe. Ana damu."

"Tumeshaambiwa nyinyi ni watu gani."

Mama Chai alimpigia magoti mkwewe. Nimeona mambo mengi mahakamani, sijaona lile. Akamshika miguu, akamwambia, "Ni mimi niliyemwita! Ni mtoto wangu!" Kijana akalia, lakini kaka zake hawakulia, nao ndio waliosimama mbele.

Dada akazunguka nyumba. Kulikuwa na dirisha la chumba, liko wazi nusu. Akasimama kwenye dimbwi, maji yamefika kwenye vifundo, akaanza kupiga kelele kwa lugha ya Bondeni, ambayo sikujua anaijua vizuri kiasi kile: "Mkandeni tumbo! Chini ya kitovu, kwa nguvu, mzungushe kama mnakanda unga! Msiache! Mwekeni mtoto kwenye ziwa, anyonye! Kondo la nyuma limetoka lote? Liangalieni, limetoka lote?"

Sauti ya mwanamke ilijibu kutoka ndani, "Sijui! Sijui nilitazameje!"

"Lionyeshe dirishani! Nionyeshe mimi!"

Mkono ukatokea, mkono wa mtu mwingine, ukafunga dirisha.

Dada aliendelea kupiga kelele kwenye ubao uliofungwa. Aliendelea mpaka sauti ikakauka. Mvua ilikuwa inanyesha, naye amesimama pale anakanda hewa kwa mikono miwili, anawaonyesha watu wasiomwona.

Binti amefariki kabla ya saa kumi. Mtoto ni mzima.

Mei 28

Siwezi.

Mei 29

Mazishi. Tulisimama mbali, nje ya uzio, kwa sababu Mama Chai alituma mtu kutuomba tuje na jamaa zake walituma mtu kutuomba tusije.

Wakili alifika na magari manne na mpiga picha. Alizungumza vizuri. Alisema huyu ni binti wa Bondeni aliyeuawa na usaliti, na watu wakaitikia. Nilimsikiliza na kukumbuka mwavuli. Nilijiuliza ni lini alibadilika, kisha nikaelewa kwamba habadiliki. Mimi ndiye niliyekuwa nikipewa sukari.

Watu walipoanza kutawanyika nikamwona Mhandisi. Alikuja peke yake, mtu wa Milimani katikati ya watu wa Bondeni, bila mlinzi. Wengine walimzomea. Akachukua sepetu, akatia udongo mara tatu, akaenda kumpa mkono Mama Chai. Kisha akapita uzioni tulipokuwa.

Dada akamwambia, "Pole kwa niliyokufanyia."

"Pole na wewe."

Nilishindwa kujizuia. "Mheshimiwa, siku ile mezani. Wakili asingeuliza lile swali, ungekubali kuwa wa pili?"

Alifikiri. Yule mtu anafikiri kwa kweli anapoulizwa, hilo nalo nimechelewa kuliona. "Najiuliza kila siku," akasema. "Ningependa kukwambia ndiyo."

Hakusema ndiyo.

Mei 31

Majina mawili yamepelekwa tume. Wakili kwa Bondeni, Mhandisi kwa Milimani. Redio ya serikali imepiga muziki wa furaha kutwa nzima, na ni haki yao, wameshashinda.

Wajumbe wetu watano wamegawanyika: wawili huku, wawili kule, mmoja amezima simu.

Juni 2

Tumefunga ofisi. Meza haikupita ngazini ikiwa nzima, na aliyejua kuitenganisha hayupo. Mwenye jengo akasema iacheni. Tumeiacha.

Juni 8

Jua mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Daraja, lililofunikwa tena na maji mwishoni mwa Mei, limefunguliwa, nikapanda basi la Milimani.

Nilimkuta mume wangu nyuma ya nyumba ya mama yake akitengeneza kitanda. Mama mkwe alinipokea vizuri, akanipa maji, akaniuliza njia ilikuwaje, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana kazi shambani. Mwanamke yule ana adabu ya kizamani.

Tulikaa juu ya mbao. Amekonda. Nilimwambia habari za binti wa Mama Chai, alikuwa ameshazisikia, akanisikiliza tena hata hivyo.

"Nataka kuuliza jambo moja," akasema. "Uliandika kwa sababu ulimwamini, au kwa sababu ulimwogopa?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu njia nzima. Yote yalinitoka. "Kwa sababu ni dada yangu," nikasema.

"Na mimi ni nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kulikuwa na kuku wanaparura vumbi la mbao, nikawafukuza kwa mguu.

"Sijui kama nitarudi," akasema baadaye. "Sitaki kukudanganya kwamba nitarudi. Kabla ya uchaguzi hapana. Baada yake tutaona nani amebaki, na nini kimebaki." Akachukua patasi, akaiweka chini tena. "Mwambie dada yako sina la kumwambia. Si leo. Kila nikifikiria kumwona, mkono unakuwa mzito."

Alinisindikiza hadi kituoni. Alinibebea mfuko. Basi lilipoondoka alisimama mpaka tulipokata kona. Nilimwona kwenye kioo cha nyuma, ameweka mkono juu ya macho kwa sababu ya jua.

Nilifika jioni. Dada alikuwa barazani, amekaa na miguu yake iliyovimba juu ya kigoda. Siku hizi amekuwa mzee. Amekuwa mzee ndani ya wiki tatu. Hakuniuliza kama nimekula.

"Shemeji amesemaje?"

Nilivua viatu. Tope la safari lilikuwa limekauka, nikalibandua kidogo kidogo.

"Amekusalimu sana," nikasema. "Amesema usijali, yatapita."

Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nikamwona anatabasamu. "Nilijua," akasema. "Mtu wetu yule."

Nikaingia ndani kuwasha jiko.